Risiti Namba Kumi na Saba

Walioomba walikuwa arubaini na mmoja.
Mfuko wa Likizo Ndefu si mkubwa:
wanafunzi watatu wa shahada ya kwanza,
kila mmoja peke yake, na swali lake mwenyewe,
wiki nane nje ya nchi,
kisha arudi Tudor, ghorofa ya pili, kwangu,
na risiti.

Kamati husoma ndoto. Mimi husoma risiti.

Umazi Karisa, wa Jomvu, mwaka wa tatu.
Alikokwenda: Omani, kijiji kimoja nyuma ya Nizwa.
Swali: watu wasio na mto
hugawanaje maji bila kupigana?
Siku ya mahojiano profesa mmoja alimuuliza,
"Uende mbali hivyo kutazama mfereji?"
Akajibu, "Wa kwetu nimeutazama miaka ishirini,
hautoi kitu."

Nafungua bahasha.
Tiketi ya ndege, sawa. Viza, sawa. Bima ina muhuri.
Kofia ya ukili, riali moja na nusu.
Maji ya chupa. Maji ya chupa. Maji ya chupa.
Julai kule joto hukaribia hamsini,
na fomu yetu ilikuwa na kisanduku cha jinsia,
kisanduku cha akaunti ya benki,
haikuwa na kisanduku cha jua.
Duka la dawa: chumvi za kurudisha maji mwilini.
Baada ya hapo, siku nne, hakuna risiti yoyote.
Hapo niliweka kalamu chini.

Kisha basi, daftari, betri, basi.
Namba kumi na saba: "Tende, kilo mbili. Zawadi." Riali nne.
Karatasi hakuna.
Kanuni ya tisa sikuitunga mimi, ila naijua kwa moyo:
kisicho na risiti hurudishwa.
Nikampigia simu.

Alikuja amekonda, mikono imeungua jua.
"Bi Mwanasiti, wiki mbili walinionyesha mfereji wao kama mgeni,
mchana, mkae hapa tupige picha.
Nilipompelekea Nasra tende ndipo aliponambia,
njoo usiku, zamu yangu ni saa nane."
Nasra ni nani?
"Mjane. Ana mitende kumi na mmoja na nusu saa ya maji."

Nikasema, kanuni. Akasema, najua.
Akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne,
kimelowa, kikakauka, kikalowa tena,
herufi za Kiarabu.
Nami chuoni niliishia juzuu ya Amma;
nikaanza kuzitamka polepole, nikitarajia nisielewe,
na midomo ikaelewa kabla yangu:

*Nimepokea tende. Nimempa mtoto nusu saa yangu
aifungue kwa mkono wake.*

Kiswahili. Cha zamani kidogo, cha Unguja,
kimekaa huko miaka mingapi sijui,
kinasubiri mtu wa kukisoma.

Tende ni riali nne, hilo lina safu yake.
Nusu saa ya maji ya mjane niiandike wapi?
Nihesabu kwa bei ipi? Ya kule, au ya Mlaleo
ambako juzi dumu lilifika shilingi hamsini
na mwenye mkokoteni akaniambia, mama, shukuru?
Kwetu mfereji hutoka Jumatano, ukipenda,
kabla ya adhana;
ndoo hupangwa usiku, na zamu ni ya mwenye sauti.

Umazi hakunihutubia. Aliniuliza tu
ploti yetu ina milango mingapi,
na nani huamka wa kwanza.
Tisa, nikasema. Wa kwanza ni mimi.
Akaandika.

Nimekibandika kikaratasi kwenye faili, gundi pembe nne,
na pembeni: *Imekubaliwa. M.*
Mkaguzi akija Novemba ataniuliza hii ni lugha gani,
na mimi nitamwambia avute kiti.

Nilikwenda kunawa gundi.
Mfereji wa ofisi ulikohoa mara mbili,
ukanyamaza.